Kwa nini mhusika anayerudi alikotoka huishia kujuta?

#1 Kalamu Butu
Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanisumbua wiki ya pili sasa. Nimejaribu kukusanya kichwani riwaya na hadithi ambazo mhusika anaondoka kwao, anakaa miaka huko alikokwenda, anatamani kurudi mpaka anaota usiku, kisha anarudi kweli. Karibu zote zinaishia pabaya. Nyumba imekuwa ndogo, mchumba ameolewa, mti umekatwa, watoto wanamuuliza yeye ni nani. Okonkwo, kwenye riwaya ya Achebe Things Fall Apart (1958), anakaa uhamishoni miaka saba akipanga atakavyorudi kwa kishindo. Anarudi, hakuna aliyekuwa akimsubiri, na kijijini kuna kanisa na mahakama ya wageni.

Swali: waandishi wanajua jambo kuhusu kurudi ambalo sisi hatulijui, au ni mazoea ya kazi tu? Mimi nadai ni mazoea. Anayerudi akafurahi hana hadithi, kwa hiyo wanamharibia makusudi. Nipingeni.

#2 Nanga Juu
Nimeweka kiti mbele kabisa.

#3 Mzee wa Pembeni
Umemsahau baba yao wote. Odysseus, wa utenzi wa Homer Mgiriki, alirudi kutoka vitani baada ya miaka 10, akawamaliza waliokuwa wakimmezea mate mkewe, akalala kitandani kwake. Mwisho mwema kuliko huo unautaka wa namna gani?

#4 Ndimi Mbili
Shikamoo Mzee. Ni miaka 20. Kumi ya vita vya Troy na kumi ya njiani, na katika hiyo ya njiani saba alikaa kwa Calypso, mungu wa kike aliyekuwa tayari kumfanya asife milele mradi asiondoke.

Na huo mwisho mwema ungeusoma tena. Mabaharia wanamshusha pwani ya Ithaca, kisiwa chake, akiwa usingizini. Anaamka, haijui. Anajiuliza amefika nchi gani na watu wake ni wa namna gani. Sawa, mungu wa kike Athena alikuwa ametandaza ukungu, lakini Homer ndiye aliyemwita huyo Athena na ukungu wake. Mtu amelilia nchi yake miaka yote hiyo, sasa anasimama juu ya mchanga wake akidhani ametupwa ugenini.

Wa kwanza kumtambua bila kuambiwa wala kuona kovu ni mbwa, Argos, amelala juu ya samadi na kupe wamemjaa. Anatikisa mkia, anakufa. Tena kuna unabii wa mtabiri Tiresias: akishafika kwake itabidi aondoke upya, kasia begani, atembee bara mpaka apate watu wasioijua bahari, wamwulize mbona amebeba kifaa cha kupepetea nafaka. Huyo amerudi, au amepita tu?

#5 Mzee wa Pembeni
Marahaba. Miaka nimekubali, uzee huu. Kuhusu mwisho sikubali. Mkewe Penelope alimtega kwa habari ya kitanda, akajifanya anaagiza kihamishwe. Yule bwana akawaka, kwa sababu kitanda alikichonga mwenyewe na mguu wake mmoja ni shina la mzeituni lenye mizizi ardhini. Hakihamishiki. Kalamu anasema kila kitu hubadilika. Hicho hapo hakikusogea.

#6 Kalamu Butu
Kitanda kimoja katika fasihi yote ya dunia. Nakipokea, Mzee.

#7 Jalada Gumu
Niongeze kidogo upande wa historia. Neno nostaljia halikuzaliwa na washairi. Lilizaliwa kwenye tasnifu ya udaktari. Mwanafunzi mmoja, Johannes Hofer, aliliunda Basel mwaka 1688 kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki, nostos yaani kurudi nyumbani, na algos yaani maumivu. Kwake ulikuwa ugonjwa hasa, wa vijana wa Uswisi waliokuwa mbali na kwao, na baadaye madaktari wakauhusisha sana na askari wa kukodiwa. Mgonjwa halali, hali, anakonda, anawaza nyumbani tu. Dawa ya uhakika ilikuwa moja: mrudisheni kwao.

Hapo ndipo penye utamu. Ugonjwa wa Hofer ni wa mahali, na mahali panafikika. Miaka ilivyokwenda neno likahama kutoka kwenye mahali likaenda kwenye wakati, na wakati hauna nauli. Jibu langu kwa Kalamu ni kwamba wahusika hao wanameza dawa ya ugonjwa mwingine. Wanaugua mwaka, wanakwenda kutibiwa kijijini.

Halafu sisi tuna methali, yaliyopita si ndwele. Ndwele ni maradhi. Wahenga walimjibu Hofer bila kumsoma.

#8 Kidoti
"Wanaugua mwaka, wanakwenda kutibiwa kijijini." Mkuu hii naiiba, nakupa taarifa mapema.

#9 Bi Kisengere
Jalada, umeiacha methali nusu. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kuganga ni kutibu. Kwa hiyo methali haikatai kwamba kuna mgonjwa, inasema mgonjwa ni kesho. Sijui kama hiyo inafariji.

Ila mimi nadhani mnatafuta mbali kitu kilicho kwenye kitenzi. Angalieni:

*Mama alifungua dirisha.*
*Mama alikuwa akifungua dirisha.*

Ya kwanza ni tukio. Lilitokea, likaisha, na ukitaka unaweza kuliwekea tarehe. Ya pili ni asubuhi elfu zilizobanwa zikawa asubuhi moja. Ndani yake hamna asubuhi ambayo mama alikuwa na homa, wala ile ambayo dirisha lilikwama akatukana. Zimechujwa zote. Kiu ya zamani inaishi kwenye -ki-.

Sasa mhusika anarudi. Kurudi kunasimuliwa kwa -li- na -ka-: alifika, akagonga, akafunguliwa. Siku moja, yenye joto lake na mtu wake asiyejulikana mlangoni. Siku moja inashindanishwa na siku elfu zilizochujwa, lazima ishindwe. Hapo waandishi hawana hila wala mazoea, mwenye hila ni sarufi.

#10 Saa Mbovu
Bi Kisengere, naomba nitie mchanga kidogo. Wasimuliaji wengi hawasemi *alikuwa akifungua*. Wanasema *alikuwa hufungua*, au wanaingia na hu- moja kwa moja, na hu- haina wakati. Kwenye hu- mama bado anafungua dirisha hadi leo.

Na mmesahau mfalme wa majuto, -ngali-. *Ningalibaki, ningalimzika.* Nionyesheni kiu kubwa kuliko hiyo.

#11 Bi Kisengere
Hu- nakupa. Ni kweli, na inaumiza zaidi. Lakini -ngali- si kiu ya zamani. Ni kiu ya zamani ambayo haikuwahi kuwepo. Tuifungulie uzi wake.

#12 Fundi Mistari
Mnaongea raha sana, sisi tunaoandika tunateseka. Mswada wangu una mbinu rejeshi kuanzia ukurasa wa tatu: mhusika yuko kwenye basi, anaona mvua kwenye kioo, tunarudi utotoni kurasa kumi na moja. Mhariri alizipiga mstari mwekundu wa mlalo zote kumi na moja, pembeni akaandika maneno mawili: "Basi limesimama." Nilinuna mwezi mzima.

Lakini si kuna yule Mfaransa aliyeonja kipande cha keki tu na utoto wote ukamwagika? Kwake basi halisimami?

#13 Ndimi Mbili
Fundi, pole. Ila hakuonja tu ikamwagika, hicho ndicho kila mtu anakikumbuka vibaya. Kwenye riwaya ya Proust, ndiye huyo Mfaransa wako, msimulizi anachovya kipande kwenye chai, anaonja, anapata furaha ya ghafla na hajui imetoka wapi. Anakunywa funda la pili, hapati kitu zaidi ya la kwanza. La tatu linampa kidogo kuliko la pili. Anaweka kikombe chini. Anajaribu kuitafuta kwa nguvu, anaacha, anaanza tena. Ndipo inapanda. Tena anasema wazi kwamba kuiona keki kabla ya kuionja hakukumkumbusha chochote. Basi linakwenda muda wote huo, abiria ndiye anayehangaika kutafuta kituo.

Na jambo dogo la kuchekesha: katika rasimu za mwanzo haikuwa keki. Ilikuwa tosti.

#14 Kidoti
TOSTI?

#15 Ndimi Mbili
Tosti. Juzuu ya kwanza ilipotoka 1913 ilikuwa imeshakuwa keki. Juzuu zote ni saba, ya mwisho ilitoka 1927, mwenyewe alishafariki 1922.

#16 Kalamu Butu
Yaani kumbukumbu maarufu kuliko zote katika riwaya ilihaririwa. Hoja yangu ya mazoea ya kazi inapata nguvu, asanteni.

#17 Jalada Gumu
Usishangilie bado. Kuhariri si kazi ya waandishi peke yao. Bartlett, mwanasaikolojia wa Uingereza, katika kitabu chake cha 1932 aliwapa wasomaji ngano ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, akawataka waisimulie upya baada ya muda, na tena baada ya muda mrefu zaidi. Kila waliporudia iliwafanana wao zaidi. Mitumbwi ikawa mashua, mizimu ikapungua au ikatoweka. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mtu ana tosti yake iliyogeuka keki.

#18 Msomaji wa Usiku
Nilikuwa nasoma kimya, ila hapa nina ushahidi.

Mwaka jana nilipata nakala yangu mwenyewe ya riwaya niliyoisoma nikiwa na miaka 15. Si nakala kama ile, ni ile ile: jalada limeungwa na karatasi ya kalenda, na pembeni nimeandika kwa penseli. Nilikaa nayo usiku mmoja. Niliyemkumbuka kama shujaa ana kurasa nane tu. Sura ya ziwani niliyoisimulia kwa watu miaka yote haimo kabisa, sijui niliitoa wapi.

Kilichonishika ni penseli. Kuna mama mmoja kwenye hiyo hadithi anamkataza bintiye kuondoka. Pembeni yake nimeandika *mchawi huyu*, nikapiga mstari mara mbili mpaka karatasi imetoboka. Niliposoma safari hii nilikuwa upande wa yule mama tangu neno la kwanza. Kitabu hakijabadilika hata nukta, Mzee. Ni kitanda chako cha mzeituni. Aliyesogea ni mimi.

#19 Mzee wa Pembeni
Hapo umenishinda, binti. Ufute hiyo penseli.

#20 Msomaji wa Usiku
Siifuti.

#21 Kidoti
Sasa si ndiyo maana watu walibuni mashine ya wakati? Urudi na mwili wako, uache kukumbuka-kumbuka. Riwaya ya Wells, 1895. Huyo alitatua kesi hii mapema.

#22 Saa Mbovu
Kidoti, msafiri wa Wells harudi nyuma. Safari tunazoonyeshwa ni za mbele, mwaka 802,701, halafu mbele zaidi mpaka jua limekuwa jekundu. Ana mashine inayoweza kwenda kokote, na hatumwoni akienda kumsalimu hata babu yake. Anachorudi nacho ni maua mawili meupe mfukoni, yamenyauka. Ukiniuliza, hayo maua ndiyo kiu yenyewe: msimulizi anabaki ameyashika kama kumbukumbu ya kitu ambacho hakijatokea.

#23 Fundi Mistari
Kuzikumbuka siku zijazo! Márquez naye ana sentensi ya namna hiyo mwanzoni mwa riwaya yake ya 1967: imesimama mahali, inatazama mbele mpaka siku mtu anakabili bunduki, na kutoka hapo inageuka nyuma kumwona akiwa mtoto amepelekwa na baba yake kuona barafu. Nyakati tatu kwenye sentensi moja. Nimejaribu kuijenga kwa Kiswahili changu, nikaishia hapa: *Siku watakayomzika mama yake, Sefu atakuja kuikumbuka asubuhi hii ambayo bado haijaisha.* Mnaionaje?

#24 Bi Kisengere
Ondoa "atakuja", weka "ataikumbuka". Mengine yaache. "Ambayo bado haijaisha" ni nzuri, usimwonyeshe mhariri.

#25 Binti Chokaa
Samahani, naona mnazungumza kana kwamba kila mtu ana zamani ya kutamani.

Nyumba ile ile, jioni ile ile: mtoto wa mwenye nyumba anakumbuka taa na sauti za wageni. Mtoto wa mtumishi anakumbuka masizi ya zile taa, maana alizisafisha yeye. Wote wawili wakiandika riwaya, tutaisoma ipi na kusema ina hisia? Kiu ya zamani katika hadithi nyingi ni ya waliokuwa wamekaa. Na wanaporudi wakakuta mambo yamebadilika wanaita hasara, wakati kwa mwenzake ni nafuu. Okonkwo anaomboleza kijiji kilichompa heshima. Waliokimbilia kanisani kwanza, wengi walikuwa wale ambao kijiji kile kile kiliwahesabu si watu. Na mama aliyezaa mapacha, watoto wake wakatupwa msituni, ana kitu gani cha kukililia?

#26 Nanga Juu
Uzi umeanza sasa.

#27 Jalada Gumu
Dada, ni kweli, na Achebe mwenyewe ameiweka humo. Lakini mtu hutamani hata zamani iliyomtesa. Utafiti wa kumbukumbu unaonyesha mara kwa mara kwamba watu wakishazeeka hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 hivi. Mtumishi naye alikuwa na miaka kumi na saba mara moja. Anaweza kuzikumbuka kwa uchungu taa alizochukia kuzisafisha.

#28 Binti Chokaa
Anaweza. Nionyeshe riwaya ambamo anapewa nafasi hiyo na asiambiwe ashukuru.

#29 Ndimi Mbili
Kuna pia wanaotamani zamani ambayo hawakuwamo kabisa. Don Quixote (1605) anatamani enzi ya mashujaa wa farasi aliyoijua vitabuni tu. Huyo hana mahali pa kurudi wala mwaka wa kuugua. Nadharia ya Jalada ya dawa na ugonjwa inamwacha wapi?

#30 Mzee wa Pembeni
Na ukitaka waliokaa, Binti Chokaa, kasome Al-Inkishafi. Najua ni utenzi si riwaya, msinirukie. Sayyid Abdallah anaukanya moyo wake usihadaike na dunia, anauonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu, popo juu, buibui ukutani. Lakini tazama anavyokaa kwenye taa, mito na vitanda vya waliokuwamo. Anayekataza ndiye anayesifu kwa utamu. Nimesoma mara nyingi na sijaamua kama anaonya au analia.

#31 Kalamu Butu
Mnisaidie mwisho mwema basi, hata mmoja, wa kurudi bila majuto.

#32 Saa Mbovu
Rip Van Winkle, hadithi ya Kimarekani ya 1819. Kalala miaka 20 mlimani, kaamka anajitangaza raia mtiifu wa mfalme wa Uingereza wakati Marekani imeshajitawala, nusura wamfunge. Mkewe mkali alishafariki, binti yake anamchukua, anaishia kukaa mlangoni pa nyumba ya wageni akipiga soga kama mzee wa kijiji. Ana raha zake.

#33 Kidoti
Kwa sababu hakutamani chochote, alilala tu. Ushauri: laleni.

#34 Bi Kisengere
😂

Nirudi kwenye lugha. Hili neno "zamani" tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko zaman ni "wakati" tu, wowote. Sisi tulipolichukua tukalisukuma nyuma. Mwanafalsafa wa Kenya John Mbiti katika kitabu chake cha 1969 alitumia Sasa na Zamani kama nguzo mbili za wakati kwa Mwafrika, akadai siku za mbali zijazo karibu hazipo. Mwenzake wa Ghana, Kwame Gyekye, alimpinga kwa ushahidi wa Waakan wa huko kwao, na mimi nikiwa na -ta- yangu mdomoni nampinga pia. Lakini jambo moja la Mbiti silipingi. Anasema marehemu anabaki kwenye Sasa maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, ndipo anazama kwenye Zamani. Kwa hiyo zamani haianzi kifo kinapotokea. Inaanza kumbukumbu inapokatika. Hadithi nyingi tulizotaja zingebadilika maana tukizisoma hivyo.

#35 Kanda Mbili
Sijawahi kuchangia jukwaa hili. Bi Kisengere amenitoa.

Nina kanda ya kaseti ya marehemu baba. Alijirekodi akimtumia ndugu yake salamu, hakuzituma. Alikuwa na miaka 31. Mimi nina 44. Nilipoisikiliza mara ya kwanza baada ya mazishi nilisubiri sauti ya baba, nikasikia kijana. Anacheka ovyo, anajisifu, anakatiza sentensi. Nilitamani kumwambia atulie.

Nimejaribu kuigeuza hadithi fupi mara nne. Nikisimulia kutoka kwake, mimi sijazaliwa. Nikisimulia kutoka kwangu, yeye ni mdogo wangu. Sipati pa kusimama.

#36 Fundi Mistari
Mkuu, acha kila kitu uandike hiyo.

#37 Binti Chokaa
Naunga mkono. Na usimpe hekima ambayo hakuwa nayo. Mwache ajisifu.

#38 Jalada Gumu
Hapa nadharia yangu haifiki, nakubali. Kanda imerudi yenyewe, hakuna aliyesafiri.

#39 Kalamu Butu
Mimi sijakubali kushindwa, ila ya mazoea ya kazi naiweka kando usiku huu. Kanda Mbili, unaisikiliza bado?

#40 Kanda Mbili
Nilikuwa naisikiliza. Mwezi wa tatu redio iliula mkanda. Niliutoa kwa penseli polepole, ukakatika mahali pamoja, nikauunga kwa gundi ya karatasi. Inacheza vizuri, ila pale kwenye kiungo anasema "mwambie na", kisha pah, "basi". Kuna neno limekwenda. Kanda hiyo nimeisikia si chini ya mara hamsini na silikumbuki lilikuwa neno gani.

#41 Kidoti
Bi Kisengere, hapo unatumia wakati gani?

#42 Bi Kisengere
Nipe mpaka kesho.